Bastola yangu hupiga chini kushoto: je, nibadilishe kifyatulio?

*"Nina bastola ya shabaha ya .22, Ruger Mark IV Target, yenye leseni, ninayoitumia kwa mazoezi ya mita 25. Natumia mkono wa kulia. Kwa muda mrefu risasi zangu zimekuwa zikiangukia chini, upande wa kushoto, na mwenzangu katika klabu ananiambia kwamba kifyatulio cha kiwandani ni kizito mno na hakuna dawa ila kukibadilisha. Kaka yangu anayeishi Texas anakuja Nairobi mwezi ujao, na yuko tayari kuniletea katika sanduku lake seti nzima: kifyatulio, nyundo, kipande kinachoishikilia nyundo, na springi nyepesi. Nimetazama video na naona kazi yenyewe ni ya saa moja. Vifaa ninavyo nyumbani, Ruaka. Ningependa kukishusha hadi gramu 500 kama wachezaji wa Olimpiki, na kuondoa pia kile kizuizi kinachozuia bastola kufyatuka magazini ikiwa nje. Je, ni salama kuifanya kazi hii mwenyewe? Na nichague kifyatulio bapa au kilichopinda?"*

Ndugu msomaji, umeuliza kuhusu usalama na umbo la kifyatulio, lakini naona kinachokukosesha usingizi ni yale mashimo yaliyo chini kushoto. Acha niyashughulikie hayo kwanza, kisha nirudi kwenye seti ya Texas. Ili usisubiri hadi mwisho, msimamo wangu ni huu: usiilete seti hiyo ndani ya sanduku, usiifunge mwenyewe nyumbani, na usinunue chochote kabla hujajua kama kasoro iko kwenye bastola, kwenye vilengeo (vile vipande viwili vya juu vya kulengea shabaha) au kwenye mkono. Huenda baada ya hayo yote ukabadilisha kifyatulio, na hakuna ubaya wowote. Mimi mwenyewe huwafungia wateja vifyatulio, na kizuri hukitambua mara tu kidole kinapokigusa.

Anza kwa kuiangalia karatasi yako ya shabaha kwa makini kuliko ulivyowahi kuiangalia. Kama mashimo kumi yamekaa pamoja katika kundi dogo, na kundi lote limehamia chini kushoto, basi mkono wako unafanya jambo lile lile kila mara, na bastola yako ina kilengeo cha nyuma kinachorekebishwa kwa bisibisi. Kisogeze kulia na kukiinua kidogo kidogo, upige tena, uone. Kilengeo cha nyuma husogezwa kuelekea upande unaotaka risasi iende, na wengi hukosea hapo kwa kukisogeza kinyume. Lakini kama mashimo yametawanyika, machache yakiwa katikati na mengine yakiburuzika kuelekea chini kushoto, basi vilengeo havina hatia. Huo ni mwenendo wa mpiga shabaha wa mkono wa kulia ambaye, wakati kidole cha shahada kinavuta, vidole vingine vitatu navyo vinakaza, na kifundo cha mkono kinainama kabla ya mlio. Kwa mtu wa mkono wa kushoto mashimo hayo huelekea chini kulia.

Kipo kipimo cha kuthibitisha hilo. Uwanjani, iegemeze mikono yako juu ya mfuko wa mchanga na upige risasi kumi pole pole. Kundi likikaa sawa ukiwa umeegemea na kuharibika ukisimama, bastola haina kosa. Halafu mwombe mwenzako unayemwamini akutayarishie bastola pasipo wewe kuona, wakati mwingine chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ikiwa na risasi na wakati mwingine ikiwa tupu, akukabidhi ikiwa imeelekezwa kwenye shabaha, nawe ufyatue kila mara kana kwamba ina risasi. Chemba ikiwa tupu hakuna mlio wala mshindo wa kuficha lolote, kwa hiyo utaona kwa macho yako jinsi mdomo wa mtutu unavyoinama nyundo inapoanguka. Nimewaona watu wakubwa, wenye vikombe nyumbani, wakiduwaa kwa kipimo hiki.

Kwa nini mwinamo mdogo hivyo uharibu mambo kiasi hicho? Katika bastola yako kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana kwa takriban sentimita 20 hadi 23. Kilengeo cha mbele kikisogea milimita 1 tu kutoka mahali pake ndani ya uwazi wa kile cha nyuma, risasi hukosa kwa zaidi ya sentimita 10 ikifika mita 25. Katika karatasi ya kimataifa ya mita 25 duara la kumi lina kipenyo cha milimita 50, na kila duara linalofuata huongeza milimita 50 nyingine. Kwa hesabu hiyo, milimita 1 ya kosa mkononi inakutoa kwenye kumi na kukuangusha kwenye sita. Mkono ukitikisika huku vilengeo vikibaki vimepangana, kosa ni dogo sana, kwa maana bastola nzima imehama kwa kiasi kile kile na si zaidi. Kinachogharimu alama ni vilengeo kupishana, na hakuna kitu kinachovipishanisha kama kidole kinachovuta kwa pupa.

Hapa ndipo mwenzako wa klabuni ana sehemu ya ukweli. Bastola yako ina uzito wa karibu kilo 1, ilhali kifyatulio cha kiwandani cha aina hiyo kwa kawaida huhitaji nguvu ya karibu kilo 2. Unatumia nguvu iliyo maradufu ya uzito wa chombo chenyewe, na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ikienda kando badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, mtutu utahama. Nguvu ikipungua, kosa la kidole nalo hupungua. Alichokosea ni kusema kwamba hakuna dawa nyingine. Kifyatulio chepesi hupunguza ukubwa wa kosa bila kuliondoa, na kikizidi wepesi huleta ugonjwa mwingine: risasi inatoka kabla ya mpigaji kuamua, anaanza kukiogopa kifyatulio, anakigusa kwa ncha ya kidole na kukichomoa haraka. Kwa maoni yangu uzito si sifa ya kwanza ya kifyatulio. Sifa ya kwanza ni kuachia mahali pale pale na kwa nguvu ile ile kila mara, bila kukwaruza njiani. Kifyatulio cha kilo 1.3 chenye tabia hiyo kitakupa alama nyingi kuliko cha gramu 700 kinachobadilika kila kukicha.

Sasa hizo gramu 500. Kipimo hicho ni cha kweli, ila ni cha mchezo mwingine: katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Shabaha, gramu 500 ndio uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa bastola ya hewa ya mita 10. Kwa bastola za mita 25 uzito wa chini ni gramu 1000. Bastola ya mita 50 haikuwekewa kiwango, na pengine hadithi za vifyatulio vinavyofyatuka kwa kupuliziwa zilianzia huko. Mchezo huo uliondolewa kwenye Olimpiki baada ya Rio 2016. Kwa hiyo ukishusha hadi gramu 500 utakuwa umetengeneza bastola isiyoweza kupita ukaguzi wa mashindano ya umbali unaoupiga. Mkaguzi huusimamisha mtutu wima, huning'iniza jiwe la kupimia karibu na katikati ya kifyatulio, na kifyatulio kinatakiwa kuliinua jiwe hilo kutoka mezani bila nyundo kuanguka. Kama unapiga mashindano ya bastola za kujihami kule Kirigiti, Kiambu, kanuni ni nyingine kabisa na hutofautiana kwa madaraja, kwa hiyo soma kitabu cha daraja lako kabla ya kugusa hata skrubu moja.

Unaweza kupima ulichonacho leo kwa gharama ndogo. Chukua chupa ya plastiki, waya ulionyooka uliokunjwa ncha kama ndoana, na mizani ya jikoni. Pima chupa, maji na waya kwa pamoja hadi upate gramu 1000. Bastola ikiwa tupu, imekaguliwa mara mbili, magazini tupu ikiwa ndani na bolti (kipande kinachokwenda nyuma na mbele kufunga chemba) imefungwa, elekeza mtutu juu upande salama na uinue chupa kwa kifyatulio. Ongeza maji, na chupa ya pili ikibidi, hadi nyundo ianguke. Rudia mara kadhaa. Namba ikitofautiana sana kati ya kipimo kimoja na kingine, tatizo lako si uzito bali uchafu au uchakavu, na hilo halitibiwi kwa kununua springi.

Uchafu nausisitiza kwa sababu risasi za .22 hupakwa nta au mafuta, baruti yake huacha masizi mengi, na vumbi letu jekundu hupenda sana kushikana na mchanganyiko huo. Bastola iliyokwisha piga maelfu ya risasi bila kusafishwa ndani ya fremu huwa na kifyatulio kinachokwaruza hata kama kiwandani kilitoka kikiwa laini. Mark IV hufunguka kwa kitufe kimoja nyuma ya fremu, na hiyo ni neema ambayo wenye matoleo ya zamani hawakuijua. Pulizia kimumunyisho, sugua kwa brashi laini, kausha, tia tone moja la mafuta mepesi mahali vipande vinapogusana. Tone moja, narudia. Mafuta mengi hukaribisha vumbi jingine. Wapo waliokuja kwangu na seti mkononi wakarudi nayo nyumbani baada ya usafi.

Tuseme umesafisha, umepima, umefanya mazoezi, na bado unataka kifyatulio kipya. Ni lazima ujue kinachotendeka ndani, maana seti uliyoitaja inagusa mambo mawili yaliyo tofauti sana, na video nyingi huyachanganya.

Ndani ya fremu kuna nyundo inayosukumwa na springi kubwa. Bolti ikirudi nyuma huilaza nyundo, na kipande kidogo cha chuma, ambacho nitakiita kishikizo, huingia katika pengo lililochongwa kwenye nyundo na kuizuia isirudi, kama komeo linavyozuia mlango unaosukumwa na upepo. Ukivuta kifyatulio, kinasogeza mkono mwembamba wa chuma, na mkono huo unakizungusha kishikizo hadi kitoke kwenye pengo. Nyundo inaachiwa, inapiga pini, pini inapiga ukingo wa ganda la risasi, na baruti inawaka. Mkono ule mwembamba una kazi nyingine ya muhimu: bolti inaporudi nyuma huusukuma pembeni ili kishikizo kiwe huru kuishika nyundo tena, hata kama kidole chako bado kimebana. Hiyo ndiyo sababu unapata mlio mmoja kwa kila mvuto.

Angalia sasa uzito unatoka wapi. Unatokana na jinsi kishikizo kilivyoingia ndani ya pengo, pembe ya nyuso mbili zinazogusana, ulaini wa nyuso hizo, na nguvu za springi. Kile kipande unachokigusa kwa kidole, yaani kifyatulio chenyewe, kina mchango mdogo sana katika uzito. Kazi yake ni umbo, na hizo skrubu mbili ndogo ambazo vifyatulio vingi vya dukani huwa nazo: moja hupunguza mwendo mtupu kabla ya kufika mahali pa kuachia, nyingine hukomesha mwendo wa ziada baada ya nyundo kuachiwa. Kwa hiyo mtu anayebadilisha kifyatulio peke yake amebadilisha hisia na urefu wa safari ya kidole. Anayebadilisha nyundo, kishikizo na springi amegusa kiungo kinachoamua kama bastola itafyatuka au itatulia. Kazi ya kwanza ni ndogo, ingawa ina mitego yake. Ya pili ni kazi ya fundi wa bunduki, na sioni namna ya kuilainisha kauli hiyo.

Mitego ya kazi ya kwanza ni skrubu zenyewe. Ukikaza sana ile ya mwendo mtupu, mkono mwembamba haupati nafasi ya kurudi mahali pake, na kifyatulio kinakufa baada ya risasi moja. Wakati mwingine hali huwa mbaya zaidi: kishikizo kinabaki kimevutwa nusu nje ya pengo, na bastola inasubiri mtikisiko tu. Ukikaza sana ile ya mwendo wa ziada, kishikizo hakitoki vizuri, nyundo inaanguka huku ikikwaruza ncha yake, pigo linakuwa hafifu na ncha inaanza kumeguka. Kanuni ya kawaida ni kukaza hadi utendaji uharibike, kisha kulegeza hadi urudi, kisha kulegeza tena kidogo zaidi ya pale unapodhani panatosha, na kuzifunga skrubu kwa gundi ya skrubu ya aina inayofunguka. Bila gundi, mtikisiko wa risasi utazizungusha bila wewe kujua, na siku moja bastola iliyokuwa nzuri asubuhi itageuka mchana.

Springi nyepesi nazo zina bei yake. Katika risasi ya .22 kiwashio kimo ndani ya ukingo wa ganda, na ukingo huo unahitaji pigo thabiti ili kuwaka. Ukiipunguza springi ya nyundo ili kupata kifyatulio kitamu, utaanza kupata risasi zisizowaka, na nyingine zinazochelewa kuwaka. Risasi isipowaka, uuache mtutu ukielekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti. Kuhusu kupiga msasa nyuso za kishikizo, jambo ambalo video hulionyesha kwa furaha kubwa, ujue kwamba chuma cha vipande hivyo mara nyingi kimekazwa kwa moto kwenye tabaka la juu tu. Ukilila tabaka hilo, chini yake ni chuma laini. Kifyatulio kitakuwa laini kama siagi kwa mwezi mmoja, kisha pembe italika, na siku moja nyundo itaanguka bolti inapojifunga. Bastola inaweza hata kupiga mara mbili kwa mvuto mmoja. Hilo likitokea, hatari kwa walio karibu nawe ni kubwa, na kuna la pili: sheria yetu inakataza raia kumiliki silaha inayoendelea kupiga kifyatulio kikiwa kimebanwa, na ofisa anayeikagua bastola hatakuwa na hamu ya kusikia kwamba ni springi tu.

Ndiyo maana sanduku la kaka yako linanitia wasiwasi kuliko bisibisi yako. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haitazami bastola nzima pekee. Sehemu zake nazo zimo ndani ya tafsiri ya silaha, na kuziingiza nchini kunahitaji kibali. Marekani nayo husimamia usafirishaji wa sehemu za bunduki kwenda nje, na tangu 2020 silaha nyingi za kiraia ziko chini ya Wizara yake ya Biashara kwa shughuli hiyo. Mtu anayepita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akiwa na nyundo na kishikizo cha bastola kati ya soksi zake anaweza kukosa kwa nchi mbili kwa safari moja, bila nia yoyote mbaya. Nenda kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, mweleze modeli unayoitaka, naye aombe vibali na kuagiza kwa jina lake. Itachukua muda na itagharimu zaidi. Kabla ya kulipa, muulize kama mabadiliko hayo yanahitaji kuarifiwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na upate jibu hilo kwa maandishi. Kutengeneza silaha kama biashara pia kunahitaji usajili, kwa hiyo usimpelekee yule fundi hodari wa Kariobangi anayeweza kuchonga chochote. Ustadi wake siupingi hata kidogo, lakini utamtia matatani pamoja nawe.

Kuhusu kizuizi cha magazini, najua kwa nini unataka kukiondoa. Kinaongeza msuguano. Wapo wapiga shabaha wa heshima Marekani wanaokiondoa siku ya kwanza, na hoja zao si za kipuuzi. Mimi sikiondoi kwenye bastola ya mteja. Unaishi Ruaka, katika nyumba yenye familia au wageni, na ajali za bastola hupenda kutokea pale mtu anapotoa magazini akasahau risasi iliyobaki kwenye chemba. Tofauti ya utamu wa kifyatulio ni ndogo, na fundi mzuri anaweza kuipata kwingineko.

Kuna jambo moja hukuuliza ambalo lazima nikuambie kwa kuwa umetaja modeli. Mnamo Juni 2017 Ruger iliitisha bastola zote za Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo, kwa sababu swichi ya usalama ikiwa katikati, kati ya salama na kufyatua, na kifyatulio kikivutwa, bastola ingeweza kukaa kimya kisha ikafyatuka swichi iliposogezwa kwenye kufyatua. Namba za bastola hizo huanza na 401 au WBR. Itazame namba yako leo. Ikianza hivyo na huna uthibitisho kwamba ilirekebishwa, usiitumie, na umwone muuzaji akuulizie kiwandani. Ni kichekesho kufunga kifyatulio cha ushindani juu ya swichi yenye kasoro, lakini hilo limewahi kuletwa mezani kwangu.

Fundi atakapokurudishia bastola, usiondoke dukani kabla hujaona ikijaribiwa tupu mbele yako. Swichi ikiwa kwenye salama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, kisha uisogeze swichi kwenye kufyatua bila kugusa kifyatulio: nyundo isianguke. Jaribu pia swichi ikiwa nusu njia. Bana kifyatulio baada ya nyundo kuanguka, vuta bolti nyuma na uiachie huku umebana, kisha legeza kidole taratibu hadi usikie mlio mdogo wa kujirudi. Vuta tena, na nyundo ianguke. Iachie bolti ijifunge kwa nguvu yake yote mara nyingi, na ugonge kitako cha bastola kwa kiganja; nyundo ikianguka hata mara moja tu, kazi imeharibika na inarudi ndani. Uwanjani, weka risasi moja tu kwenye magazini kwanza, halafu mbili, na ukae katika mbili hizo kwa muda mrefu kuliko unavyotaka, kwa sababu bastola yenye tabia ya kupiga mara mbili ni afadhali iwe na risasi mbili kuliko kumi.

Wakati unasubiri vibali, fanya mazoezi ya kufyatua bila risasi. Kitabu cha Ruger kinaliruhusu zoezi hilo kwa bastola hii, mradi ile pini ndogo inayozuia pini ya kupigia iko mahali pake. Ikisahaulika wakati wa kufunga, ncha itagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Wengi huingiza kwenye chemba plagi ndogo ya plastiki ya ukutani, ile ya hadwea, kama tahadhari ya ziada. Risasi zote ziwe chumba kingine, mlango umefungwa, na lengo liwe ukuta wa mawe ya Ndarugo, si mlango wa mbao unaomtazama jirani. Weka sarafu ya shilingi moja juu ya bastola, karibu na kilengeo cha mbele, na ufyatue bila kuiangusha. Shika kwa vidole vitatu vya chini kwanza, ukaze kiasi kitakachobaki vile vile hadi mwisho, ndipo kidole cha shahada kianze safari yake peke yake. Dakika kumi kila jioni zinatosha, na kocha mmoja akikusimamia pembeni siku moja ataona kosa ambalo hutaliona peke yako kwa mwaka mzima.

Na lile la bapa au kilichopinda: uso bapa huwafaa wenye vidole virefu na wale wanaopenda kugusa chini kidogo, ambako wenzo ni mrefu zaidi na uzito huhisi umepungua; uso uliopinda hukiweka kidole mahali pamoja kila mara, jambo linalowasaidia wanaobadilisha mshiko bila kujua. Kwa mtu ambaye mashimo yake yanaburuzika chini kushoto ningeanza na kilichopinda. Lakini kabla ya kuagiza, mwombe mwanachama mwenye bapa akuruhusu upige risasi tano kwa bastola yake, yeye akiwa kando yako na msimamizi wa uwanja akijua.